Kwa nini 111 huishia 15

Abiria wa matatu za Ngong huisoma 111, nambari ya njia yao, kila siku wasiishughulikie zaidi. Mimi, ambaye kazi yangu ni nadharia ya nambari, huitafutia vigawo, yaani nambari zinazoigawa bila baki, nikiwa kwenye foleni ya stejini. Vigawo vyake ni 1, 3, 37 na 111. Tukijumlisha tarakimu zote za vigawo hivyo, yaani 1 + 3 + 3 + 7 + 1 + 1 + 1, tunapata 17. Tukiifanyia 17 vivyo hivyo tunapata 9, kisha 13, 5, 6, 12, 19, 11, 3, 4, 7, 8 na hatimaye 15. Hapo ndipo safari inapokwama, kwa kuwa vigawo vya 15 ni 1, 3, 5 na 15, na jumla ya tarakimu zake ni 15 ile ile.

Mfuatano wa majumla haya umehifadhiwa kwa alama A034690 katika OEIS, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya nambari iliyotokana na mkusanyo ambao Neil Sloane aliuanza mwaka 1964. Kinachonivutia ni kwamba kila nambari nzima inayozidi 1 huishia 15, na uthibitisho wake hauhitaji hisabati ya chuo kikuu.

Vigawo huja kwa jozi, na katika kila jozi kimoja hakizidi kipeuo cha pili cha nambari yenyewe. Kwa hiyo idadi ya jozi nayo haiwezi kukizidi kipeuo hicho. Nambari ikiwa na tarakimu tano, kila kigawo kina jumla ya tarakimu isiyozidi 45, na kila jozi isiyozidi 90. Jumla nzima, basi, haizidi mara 90 ya kipeuo, ilhali nambari yenyewe ni kipeuo mara kipeuo, na kipeuo hicho si chini ya 100. Lazima ipungue. Tarakimu zikiongezeka, pengo hilo hupanuka tu. Nambari zilizo chini ya 10,000 nazo, kwa hesabu hiyo hiyo, hazitoi jumla inayovuka 7,200, hivyo kompyuta huzikagua zote kwa muda mfupi mno.

Wenzangu wengine hudharau mifuatano ya aina hii, wakisema kuwa tarakimu ni mali ya maandishi, si ya nambari. Wana haki kwa kiasi: tukiandika kwa sifuri na moja pekee, 15 huenda 9, 9 huenda 5, 5 huenda 3, na 3 haisogei tena, kama ambavyo 2 nayo haisogei.