Tathnia: ubeti wa mishororo miwili

Tathnia ni shairi ambalo kila ubeti wake una mishororo (mistari) miwili. Jina hilo limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya mbili, ambao Waswahili tunao pia ndani ya neno thenashara. Kwa kuwa maelezo yake ni mafupi, wanafunzi wengi huipita haraka na kudhani kwamba ni tarbia, shairi la mishororo minne katika kila ubeti, iliyokatwa katikati. Tuutazame ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya makala haya:

Uliniaga safari, machozi hukunifuta;
Warudi una habari, mlango wazi wakuta.

Kila mshororo una mizani (silabi) kumi na sita, nane katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane katika utao, yaani kipande cha pili. (Anayepata saba katika kipande cha mwisho amesahau kwamba "m" ya "mlango" ni silabi kamili.) Kina, yaani silabi za mwisho wa vipande zinazofanana, cha kati ni "ri" na cha mwisho ni "ta".

Katika tarbia, kati ya mwanzo (mshororo wa kwanza) na kituo (wa nne) kuna mloto na mleo (wa pili na wa tatu), ambamo mtunzi hupata nafasi ya kueleza, kuongeza na hata kuzungukazunguka. Tathnia haina nafasi hiyo: mshororo wa kwanza ukishafungua jambo, wa pili hauna budi kulifunga. Ndiyo sababu kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa katika kila ubeti, ambacho ni pambo zuri katika tarbia, huielemea tathnia, kwani mshororo mmoja ukirudiwa katika kila ubeti, nusu ya shairi zima inakuwa maneno yaleyale.

Wingi wa mishororo, hata hivyo, hautoshi kuutambulisha ubeti. Ubeti wa kawaida wa utenzi, shairi refu la kusimulia, una vipande vinne vya mizani nane, yaani mizani thelathini na mbili, sawasawa na tathnia tuliyoisoma hapo juu. Na katika miswada ya hati za Kiarabu vipande hivyo vinne mara nyingi viliandikwa katika mstari mmoja. Kinachozitenga tungo hizi mbili ni vina. Katika utenzi, vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Katika tathnia yetu vina vinapishana, "ri" kwa "ta", kisha "ri" kwa "ta" tena.

Washairi wa Kiajemi waliitumia mishororo miwili kwa namna nyingine. Katika mathnawi, jina lenye mzizi uleule wa tathnia, kila jozi ina kina chake na jozi inayofuata huanza na kina kipya, hivyo mtunzi hakaukiwi na vina hata kisa kirefuke kiasi gani. Mathnawi ya Rumi, mmoja wa washairi hao, ya karne ya 13, ina vitabu sita na beti zipatazo 25,000.