Mizinga 21 Haitapigwa, na Babu Yenu Hajadharauliwa

Jumanne moja kabla ya alfajiri simu yangu iliita. Aliyepiga ni kaka mmoja wa Arusha anayeishi hapa Houston, ambaye harusi yake niliihudhuria miaka mingi iliyopita. Alisema, "Dada, mzee wetu ametutoka usiku huu. Baba mkwe wangu, yule aliyekuwa Jeshi la Wanamaji." Nikampa pole na kumuuliza walivyolala wafiwa. Kabla hajanieleza hata mwili uko wapi, akauliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nalisikia usingizini: "Sasa dada, ile mizinga 21 hupigwa kabla ya sala ya mwisho au baada yake?"

Haipigwi kabisa. Kazi yangu ni kuziandalia mazishi familia za Waswahili wa Texas, na nyingi kati yao, kwa ndoa au kwa watoto waliojiunga na jeshi wenyewe, zina mwanajeshi wa Marekani ndani yake. Kila mara nikisema mizinga haitapigwa, sura hubadilika kana kwamba nimemvua marehemu nishani. Mama mmoja aliwahi kuniambia nimemnyima baba yake haki kwa sababu ya ngozi yake. Ubaguzi ninaujua na nimeuona, lakini hapa tatizo ni hesabu tu.

Wamarekani wenyewe huchanganya jambo hili, na wao nawasamehe kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa silaha ya begani na kwa silaha inayovutwa na gari. Sisi tuna neno bunduki na tuna neno mzinga, na hakuna mtoto wa pwani wala wa bara anayeweza kuvichanganya vitu hivyo viwili, kwa maana mzinga ulipewa jina la gogo la nyuki kutokana na umbo na ukubwa wake. Kinachofanyika kwenye mazishi ya mwanamaji, kinapofanyika, ni bunduki. Kikundi cha watu kati ya watatu na saba husimama kando, hufyatua risasi baridi kwa pamoja, hukoki, hufyatua tena, hukoki, na kufyatua mara ya tatu. Hiyo ni mikupuo mitatu. Wakiwa saba, mwenye haraka huzidisha saba kwa tatu, akapata 21, akaondoka ameridhika. Nami huuliza: wakiwa watano, je, tumempigia mzee mizinga 15? Wakiwa watatu, tumempunguzia cheo hadi tisa? Idadi ya bunduki haina maana yoyote. Maana iko kwenye mikupuo, nayo haizidi mitatu kwa jenerali wala kwa mpishi wa melini.

Asili zake pia hazifanani hata kidogo. Mizinga ya heshima ilitoka baharini: meli iliyofyatua mizinga yake yote ilikuwa imejiweka wazi, maana kuijaza upya kulichukua muda mrefu, na kwa hiyo ilikuwa ikisema imekuja kwa amani. Marekani ilikubali idadi ya 21 kuwa salamu yake ya kimataifa mwaka 1875. Mizinga hufuata ofisi ya mtu. Rais na rais wa zamani hupigiwa 21, makamu wa rais 19, admirali wa nyota nne 17, na ngazi huendelea kushuka. Nchi hutofautiana: Kenya ilimuaga Mwai Kibaki mwaka 2022 kwa mizinga 19 kwa kuwa alikuwa rais mstaafu. Mikupuo mitatu ya bunduki, kwa upande wake, ilitoka kwenye viwanja vya vita vya Ulaya, ambako mapigano yalisitishwa ili kila upande uondoe maiti zake, na milio mitatu ikawa ishara kwamba wafu wamekwisha kushughulikiwa. Ndivyo vitabu visemavyo, nami huwasimulia wafiwa hivyo hivyo, ingawa kila ninaposimulia najiuliza inakuwaje tunawafariji watu kwa ishara iliyomaanisha kwamba sasa tunaweza kuendelea kuuana.

Wa kulaumiwa zaidi kwa mkanganyiko huu, hapa Texas angalau, ni televisheni ya Desemba 2018, na mfano huo ndio ninaoutumia kuufungua, kwa sababu marehemu wa siku zile alikuwa hasa mwanamaji na hasa babu. George H. W. Bush, rais wa 41 wa Marekani, alijiandikisha jeshini tarehe 12 Juni 1942, siku aliyotimiza miaka 18. Alirusha ndege ya Avenger kutoka kwenye manowari ya San Jacinto, akaruka safari 58 za kivita, na tarehe 2 Septemba 1944 ndege yake ikatunguliwa karibu na kisiwa cha Chichi Jima. Wenzake wawili waliokuwa ndani walikufa. Yeye aliokotwa baharini na nyambizi ya Finback, na kwa maisha yake yote alirudia kujiuliza kwa nini aliachwa yeye. Alifariki tarehe 30 Novemba 2018 akiwa na miaka 94.

Mizinga 21 ilipigwa katika mazishi yake. Halafu, kama kwa makusudi ya kuniharibia kazi, tarehe 6 Desemba Jeshi la Wanamaji likapitisha ndege 21 juu ya College Station alikozikwa. Nilikuwa nimesimama kando ya reli karibu na mji wa Spring siku ile, treni iliyobeba jeneza lake ilipopita na kichwa chake chenye namba 4141, na tayari mtu aliyesimama nyuma yangu alikuwa akimwambia mwanawe kwamba kila mwanajeshi hupewa ishirini na moja.

Mizinga ile ilikuwa ya rais. Mwondoe Bush kwenye siasa, mwache awe kijana aliyerudi kutoka Pasifiki na nishani kubwa ya urubani kifuani, akaenda chuoni, akauza mafuta na kulea watoto. Mtu huyo, kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, haki yake ya chini kabisa ingekuwa askari wawili waliovaa sare, angalau mmoja wao akiwa wa Jeshi la Wanamaji, bendera inayokunjwa na kukabidhiwa, na wimbo wa tarumbeta. Bunduki ni nyongeza, zikipatikana. Mara nyingi huletwa na wazee wa vyama vya wanajeshi wa zamani wanaojitolea, ambao nao wamechoka, na ambao asubuhi hiyohiyo huenda wametoka kwenye mazishi mengine mawili. Kwa hiyo nikiwaambia watakuja wawili tu, sisemi kwamba babu yenu ameshushwa. Ndivyo rubani wa Chichi Jima naye angeweza kuzikwa.

Mengine nitayapitia haraka kwa kuwa hayana ugomvi. Tafuteni fomu ya DD 214, yaani hati ya kuachishwa jeshi, kwa maana bila ushahidi kwamba marehemu hakufukuzwa jeshini kwa fedheha hakuna askari atakayetumwa. Msiogopeshwe na habari ya moto wa St. Louis wa mwaka 1973, kwa sababu ulichoma kumbukumbu za Jeshi la Nchi Kavu na la Anga, wala si za wanamaji. Mkichagua makaburi ya taifa ya wanajeshi, jueni kwamba ibada ya mwisho kwa kawaida hufanyika kwenye kibanda cha ibada mbali na kaburi. Waambieni wajomba mapema, kwa sababu nimeona watu wazima wakigombana na mlinzi wakitaka kutupa udongo.

Ipo pia karatasi inayozunguka kwenye simu ikieleza maana ya kila mkunjo kati ya mikunjo 13 ya bendera. Sheria ya bendera haina maana hizo. Mkitaka isomwe, isomwe, ila msimsimamie askari mkihesabu.

Kuhusu neno "mstaafu" nitasimama kidogo, kwa kuwa limeniletea aibu. Tanzia nyingi zinazonijia humwita kila marehemu wa aina hii "mwanajeshi mstaafu". Kwetu mstaafu ni aliyefikisha muda na kupata kiinua mgongo. Marekani hutenganisha: aliyetumikia miaka minne akatoka ni veterani, na aliyetumikia ishirini na zaidi, kwa kawaida, ndiye aliyestaafu, na kikosi kinachokuja kumzika huwa kikubwa zaidi. Mwaka wangu wa pili kazini niliijaza fomu kwa kufuata tanzia ya familia, nikaandika amestaafu, na familia ikaahidiwa kikosi kizima. Wakaja wawili. Kosa lilikuwa langu, na mjane yule hakunilaumu, jambo ambalo lilinikaa kifuani kuliko lawama.

Na kuna tarumbeta. Wapigaji wa kweli hawatoshi, na sheria inaruhusu sauti iliyorekodiwa. Kwa hiyo mara nyingi askari hushika tarumbeta yenye kifaa cha sauti ndani ya mdomo wake mpana, hubonyeza kitufe, huinua chombo hadi kinywani na kusimama wima huku noti 24 zikitoka bila kosa hata moja. Wafiwa hulia. Mimi huwa sisemi kitu. Sijui kama kunyamaza huko ni adabu au ni udanganyifu, na nimeshabadili mawazo mara kadhaa. Mjukuu mmoja wa kike mwenye umri wa miaka tisa hivi aliniuliza mbona mashavu ya askari hayakuvimba. Nilimjibu kweli. Akafikiri kidogo, akasema babu yake naye alikuwa akijifanya anaimba kanisani.

Jibu lile nililiingiza kwenye wasifu uliosomwa mchana ule, kwa ruhusa ya mama yake, na hapo ndipo ugomvi wangu hasa na mizinga 21 ulipo. Familia ikishaipata mizinga akilini, haitaki kunieleza mtu. Wasifu wanaoniletea una majina ya meli, miaka na bandari, kisha mstari mmoja: "Ameacha wajukuu saba." Bush, mwenye kila sababu ya kuzikwa kwa orodha ya vyeo, alikumbukwa na mjukuu wake George P. katika kanisa la Houston kama Gampy, babu aliyevua samaki kutoka kwenye boti yake ya Fidelity, aliyewaona wajukuu wadogo wakikimbia alfajiri kugombea nafasi kitandani pake, na aliyetoa tuzo kwa mtoto wa kwanza kulala. Alizikwa amevaa soksi zenye picha za ndege za kivita. Soksi zile zinamweleza rubani na babu kwa pamoja, na sijawahi kuandika sentensi inayozifikia.

Basi kaka wa Arusha nilimuuliza: mzee alifanya nini na watoto wako? Akanyamaza, kisha akasema hakufanya la ajabu. Nikangoja. Akakumbuka kwamba mzee aliwafundisha mafundo ya kamba kwenye mguu wa meza ya jikoni, na kwamba mpaka leo hakuna anayeweza kulifungua begi la shule la mdogo wao isipokuwa yeye mwenyewe. Akakumbuka kwamba alijifunza kusema "shikamoo" akiwa na miaka sabini, akawa anawaamkia wajukuu, nao wakimjibu "marahaba" kwa kicheko hadi mama yao anawakemea. Nusu saa nzima. Niliandika yote.

Siku ya mazishi walikuja wanamaji wawili, vijana sana, na wazee watano wenye bunduki. Bendera ilikunjwa ikabaki pembetatu ya buluu yenye nyota, ikakabidhiwa kwa mjane, naye akampa yule mjukuu wa mafundo aishike. Mikupuo ilikuwa mitatu. Nilihesabu, kwa mazoea.

Wiki iliyofuata kaka alinitumia kijitabu cha kumbukumbu alichokichapisha ili nikione. Mafundo yamo, na shikamoo imo. Ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya kaburi, kwa herufi kubwa, kaandika kwamba mzee alipigiwa mizinga 21.