Embe lenye macho: tunayokosea tukiwafundisha watoto kuchora katuni

Ikifika Desemba huku Isevya, Tabora, maembe huanguka juu ya bati usiku kucha, na asubuhi watoto wa mtaa wanakuja barazani kwangu midomo imejaa manjano. Jumamosi huwa tunachora. Siku moja niliwaambia kila mmoja achore tunda lenye uso, tunda linalocheka. Karibu wote wakachora epo jekundu au stroberi, kama zile zilizochapwa kwenye mabegi yao ya shule. Nikauliza nani amewahi kula stroberi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tangu hapo nasikiliza kwa makini wanayosema wazazi na walimu kuhusu michoro hii, na mengi ninayoyasikia si kweli.

"Kuchora ni kipaji. Huyu wangu hana."

Hili ndilo nalisikia zaidi, na huniuma kwa sababu husemwa mtoto mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo. Mkono wa mtoto hukomaa kwa hatua. Kwenye mwaka mmoja na nusu hivi anakwaruza mistari tu. Akifikia miaka 3 wengi wanaweza kufunga duara, mraba huja kati ya miaka 4 na 5, na pembetatu kwenye miaka 5 hivi. Mtoto wa miaka 3 anayeshindwa kuchora koni ya aiskrimu hana kasoro yoyote. Koni ni pembetatu, na zamu yake haijafika. Mpe chungwa.

Na hata ukubwani hakuna aliyechelewa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, hakupita shule ya sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta ya dukani, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

"Katuni ni utani. Ajifunze kwanza kuchora kitu kama kilivyo."

Anayesema hivi namwomba ashike penseli ajaribu. Katuni huondoa karibu kila kitu kwenye tunda, na kile kidogo kinachobaki lazima kitoshe kumwambia mtazamaji hili ni tunda gani. Kuchagua cha kubakiza kunataka jicho lililotazama sawasawa.

Binti mmoja wa miaka 6 alinijia machozi yakimlengalenga. "Shangazi, embe langu limekuwa yai." Na kweli lilikuwa yai, lina macho mawili na meno. Sikuigusa penseli yake. Nilimpa embe, nikamwambia afumbe macho alipapase. Kidole kikapita begani, kikateremka polepole, kikakwama kwenye kile kimdomo kilicho karibu na ncha. "Kuna pua hapa!" Akarudi kwenye karatasi, akaongeza kipindo kimoja ubavuni, akainua bega moja kuliko jingine, akasogeza kikonyo pembeni kidogo. Wenzake walipochungulia wakapiga kelele kwa pamoja: embe!

Ninalo jaribio ambalo watoto wanalipenda. Ziba uso wa katuni kwa kidole gumba. Kama tunda bado linajulikana, mchoro umekaa. Kama limegeuka mpira, rudi ukaliangalie tunda lenyewe. Nanasi ndilo linalowafundisha zaidi hapa, maana wengi hupanga macho ya ganda lake kama vigae vya sakafuni. Liweke mezani waone: macho yale yanapanda kwa mshazari yakizunguka, na ukihesabu mizunguko, mara nyingi utapata 8 kwa upande mmoja na 13 kwa upande wa pili. Wale wa darasa la nne wanaweza kubishana juu ya hesabu hiyo hadi mchana. Kwenye karatasi inatosha mistari ya mshazari inayokatana, iliyopinda kidogo ili tunda lionekane nene.

"Weka macho makubwa katikati, basi limependeza."

Ukubwa wa macho ni nusu ya jambo. Mwaka 1943 mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, alieleza kwamba paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni na mashavu ya mviringo hutufanya tukione kitu kuwa kichanga na tutamani kukilea. Chora maandazi mawili yanayolingana. La kwanza lipe uso karibu na juu. La pili uteremshe uso chini ya nusu, macho yaachane, mdomo uwe mdogo. La kwanza lina sura ya mtu mzima, la pili ni mtoto wake. Hakuna kingine kilichobadilika.

"Bila rangi za dukani hakuna somo."

Jikoni kuna rangi za kutosha. Mtu mzima achemshe choya kavu, yale maua mekundu ya juisi, kwa maji kidogo mpaka yawe mazito, kisha ayagawe vikombe vitatu. Kimoja kiache kilivyo. Cha pili kamulia ndimu, wekundu wake utawaka. Cha tatu tia chembe ya magadi, nao utakimbilia kwenye bluu na kijani mbele ya macho yenu. Mara ya kwanza kuwaonyesha, watoto walinyamaza kabisa, kisha wakataka nirudie. Bizari ya manjano iliyokorogwa kwa maji inatoa njano nzuri ya embe, na ukiigusisha magadi inaelekea wekundu wa udongo. Mistari ya nje tunapiga kwa mkaa. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti. Rangi hizi hupauka haraka juani, kwa hiyo karatasi tunazihifadhi ndani.

"Vitamu vya kuchora ni keki na aiskrimu."

Na kashata je? Visheti? Barafu ya nailoni iliyofungwa fundo, ambalo tayari ni nywele za kichwa? Kwetu Tabora naanza na chupa ya asali, kwa sababu mchuruziko wake ni somo kamili: tone refu, fupi, refu tena, mwisho wa kila moja ukiwa mviringo. Mtoto akiujua mchuruziko huo, siku akitaka kuchora keki ana kila kitu.

"Anapoteza muda wa kuandika."

Mkunjo wa ndizi ni c. Duara la chungwa likianzia juu kuelekea kushoto ni o, na ndilo tumbo la a na la d. Ni mazoezi yale yale.

Mtoto akilipaka embe rangi ya zambarau, mwacheni. Na raba mimi huiweka mfukoni, kwa kuwa mtoto mwenye raba humaliza saa nzima kwenye jicho moja.

"Mchoree wewe kwanza, yeye aige."

Hapa hata mimi nilikosea kwa muda mrefu. Nilichora tunda ubaoni, watoto ishirini wakalinakili, na nikaona nimefundisha. Kumbe walijua kuchora tunda langu moja, na nikiwapa papai walinitazama tu.

Juzi niliweka mezani ntonga, tunda la porini lenye gamba gumu. Ni tunda gumu kulichora, kwa sababu ni duara tupu, na ukilipa macho linakuwa chungwa. Sikuchora kitu ubaoni. Mvulana mmoja mkimya aliigeuza ntonga yake mara kadhaa, akaigonga chini kama tunavyofanya tukitaka kula, gamba likapasuka, mbegu zikaonekana zimebanana ndani. Akauangalia ule ufa kwa muda. Kisha akauchora: duara gumu lililopasuka kuanzia shavu hadi shavu, ufa ndio mdomo, na mbegu ndiyo meno.