Majina Kufanana Si Ushahidi: Dhana Potofu Kuhusu Nasaba za Walowezi wa Marekani

Juma lililopita mteja alinitandazia mezani mti wa ukoo wenye vizazi kumi na viwili, na nilipomwuliza amejuaje kwamba mlowezi wa Kentucky aliye katikati ya mti huo ni mwana wa mkulima fulani wa Virginia, alinijibu kwa utulivu kwamba majina ni yale yale na miaka inakubaliana. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno.

Dhana inayonichosha kuliko zote, basi, ni kwamba jina likifanana na mahali pakifanana, mtu ni yule yule. Ukweli ni kwamba familia za walowezi wa karne ya 18 zilirithishana majina machache, babu kwa mjukuu na shangazi kwa mpwa, hata kaunti moja ikawa na watu watatu wanne wa jina moja. Tazama ukoo wa Hanks, alikotoka mama yake Abraham Lincoln. Nancy Hanks aliyeolewa na Thomas Lincoln alikuwa na mama mdogo aliyeitwa vilevile Nancy Hanks, naye ndiye aliyemzaa Dennis Hanks. Anayewachanganya wanawake hao wawili humfanya Dennis kuwa ndugu wa tumbo moja na Rais, jambo ambalo halikuwapo kabisa. Hata maneno "mkubwa" na "mdogo" yaliyoandikwa baada ya jina hayamaanishi baba na mwana, kwa maana makarani waliyatumia kuwatenganisha majirani wowote wenye jina moja, na yule mkubwa alipofariki, mdogo alipanda cheo na kuitwa mkubwa.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameukinai, ni kufuata ardhi badala ya jina. Sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea, lakini daftari za kodi zipo, na ndani yake karani aliandika ekari za mtu, kijito kilichopita karibu na shamba lake na idadi ya farasi wake. Mwenye farasi wawili kando ya kijito kimoja na mwenye farasi saba kando ya kingine, mwaka baada ya mwaka, ni watu wawili, hata wakiwa na jina moja.

Lincoln mwenyewe alilielewa hili kuliko wengi wa wateja wangu, kwani mwaka 1859 aliandika kwamba jitihada za kuuunganisha ukoo wake wa upande wa baba na akina Lincoln wa New England, eneo la kaskazini-mashariki lenye jimbo la Massachusetts, hazikuzaa chochote zaidi ya kufanana kwa majina, akaishia hapo. Baadaye uhusiano huo ulithibitishwa, hadi kwa Samuel Lincoln aliyetoka Norfolk, Uingereza, akafika Massachusetts mwaka 1637, lakini uliwekwa wazi kwa wosia na hati za ardhi za kizazi kimoja baada ya kingine.

Dhana ya kwamba hati isiyoonekana imeteketea nayo ni ya wavivu. Kumbukumbu ya ndoa ya wazazi wa Lincoln ilitafutwa kwa miaka katika kaunti isiyo yake, na uvumi ukaenea kwamba hawakuoana, kumbe ilikuwa katika Kaunti ya Washington, Kentucky, ikionyesha kuwa walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1806.

Wanaodai kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, wakumbuke kuwa kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, mlowezi wao akiwa kaburini siku nyingi.

Wengine huamini kwamba kipimo cha vinasaba humaliza ubishi wote. Watafiti walibishana muda mrefu kama mama yake Nancy, yule mke wa Thomas Lincoln, alikuwa Lucy Hanks au mwanamke wa ukoo wa Shipley, na uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto huvipata kwa mama peke yake, uliotangazwa mwaka 2015, uliunga mkono upande wa Lucy Hanks. Kuhusu baba yake Nancy, hata hivyo, vinasaba hivyo havisemi neno. William Herndon, mshirika wa Lincoln katika uwakili, alisimulia kwamba Lincoln alimwamini babu huyo kuwa mwenye mashamba wa Virginia, lakini jina lake halijathibitishwa. Mahali pake kwenye mti mimi hupaacha wazi, na ada yangu haipungui kwa sababu hiyo.