Viinitete vilivyogandishwa havikai kwenye friji kama samaki

Ile meseji ya kwamba viinitete (mayai ya mama yaliyorutubishwa maabara) vikibaki baada ya kupandikiza mimba vinaoza ndani ya mwaka, umeme ukikatika ndo basi, kwahiyo utalazimishwa uvigawe, imerudi tena kwenye magrupu yetu ya Mtwara na inawatia hofu dada zetu ambao wameshahangaika vya kutosha. Sio kweli. Vinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi wenyewe hautegemei umeme, unaongezewa tu naitrojeni ikipungua. Kama ushamuona mtu wa mifugo amekuja kupandisha ng'ombe kwa mrija, ule mtungi wake unaofuka moshi mweupe akifungua kifuniko, ndo mambo yaleyale. Marekani mwaka 2022 walizaliwa mapacha kutoka viinitete vilivyogandishwa 1992!

Nadhani watu wanachanganywa na bili ya kila mwaka, wanaona kama tarehe ya kuharibika kumbe ni hela ya kuhifadhi. Na kugawa ni hiari yako na mwenzio. Omba nakala ya fomu ya ridhaa mliyosaini, isome taratibu, kwa kawaida utakuta pa kuchagua: kuendelea kuhifadhi, kuwapa wengine, utafiti, au visihifadhiwe tena. Jamani tuache kuforwadi hii kitu, ikikufikia ifute, na aliyekutumia mwambie kwa upole.