Rilei kulia "tik" si ushahidi kwamba ni nzima

Wenye pikipiki za theluji huambizana tangu zamani: rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ikilia "tik", haina shida, tafuta ubovu kwingine. Si kweli. Mlio huo unaonyesha tu kwamba koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), kwa kawaida pini 85 na 86, imepata umeme ikavuta kisahani chake. Umeme wa pampu ya petroli hupita njia nyingine, pini 30 hadi 87. Ncha za ndani zinazogusana kupitisha umeme huo zikiungua au kushika kutu ya kijani, utasikia mlio na pampu isizunguke.

Pima pampu ikiwa imewashwa: mita ya volti, waya mmoja pini 30, mwingine 87. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unapotelea humo. Kipimo cha omu hudanganya hapa. Mkondo wake ni mdogo mno. Chomoa rilei, uichungulie na soketi yake, maana maji ya theluji iliyoyeyuka hujificha mle.