Kinga imo ndani ya Windows yako, ila imezimwa: dhana potofu kuhusu virusi vya kudai fidia

Virusi vya kudai fidia (kwa Kiingereza ransomware) vikiingia kwenye kompyuta huyafunga mafaili kwa ufunguo wa kidijiti alionao mhalifu peke yake, kisha vinakuachia ujumbe wa kutaka hela. Arusha kuna kampuni nyingi ndogo za utalii ambazo ofisi yake ni laptop moja: ratiba za safari, vocha za lodji, nakala za pasipoti za wageni, vyote humo. Folda hiyo ikifungwa Julai, wageni wakiwa njiani, kazi yote imesimama. Mwanafunzi wa Moshi mwenye utafiti wa miaka miwili kwenye laptop yake naye yumo hatarini hivyo hivyo. Mengi yanayosemwa mitaani kuhusu jambo hili si kweli, na yanawaponza watu ambao wangeweza kujikinga bure.

“Bila antivairasi ya kulipia huna kinga”

Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, na tangu Oktoba 2017 ndani yake kuna swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya shambulio la namna hii. Shida ni kwamba inakuja ikiwa imezimwa, na haikuiti kuiwasha. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, shuka mpaka chini kwenye Manage ransomware protection, washa Controlled folder access. Kuanzia hapo programu isiyoaminika ikijaribu kubadilisha au kufuta faili ndani ya Documents, Pictures, Videos au Music, inazuiwa.

Angalia mafaili yako yanakaa wapi. Wapo mafundi wanaoigawa diski sehemu mbili wakikuwekea Windows, halafu kazi zako zote zinaishia kwenye ile ya pili, D. Huko swichi haifiki mpaka uiongeze folda mwenyewe kupitia Protected folders. Na ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni na swichi hii haifanyi kazi tena. Kabla hujanunua, jua unachokiacha.

“Inasumbua, izime tu”

Siku za mwanzo inaweza kuizuia hata programu yako halali, mathalani ya hesabu au ya kuhariri picha. Usizime ulinzi wote kwa sababu ya programu moja. Nenda Allow an app through Controlled folder access, itafute kwenye orodha ya zilizozuiwa karibuni, iruhusu. Ila soma jina kwanza. Kama hulijui, liache lilipo.

“Kraki haina shida, Defender inapiga kelele tu”

Hapa ndipo watu wa kawaida wanapoumizwa zaidi. Unataka Office au programu ya kuhariri video, mtu anakuletea kraki, yaani programu ya kulipia iliyochezewa ili itumike bure, kwenye flashi, na maelekezo ya kwanza ni kuzima Defender. Ukishazima, umemfungulia mlango yeyote aliyejificha ndani ya faili lile. Virusi vinavyoitwa STOP/Djvu vilienea dunia nzima kwa njia hiyohiyo, vikiwalenga watu wa majumbani badala ya makampuni makubwa. Baadhi ya matoleo yake yaliweka skrini ya uongo ya apdeti ya Windows, mwenye kompyuta akasubiri kwa utulivu huku mafaili yanafungwa nyuma yake. Mwisho anakuta kila faili limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, na kwenye folda kuna _readme.txt inayodai dola 980, au 490 akiwahi ndani ya saa 72. Kwa hiyo anayesema “mimi ni mdogo, nani atanitafuta?” ajue kwamba hakuna anayemtafuta kwa jina. Faili lenye mtego linamsubiri yeyote atakayelipakua.

Fundi akikuambia lazima azime ulinzi ndipo programu iingie, mwambie hapana. LibreOffice ni ya bure, inafungua hati za Word na Excel.

“Apdeti zinakula bando bure”

Mei 2017 WannaCry, aina nyingine ya virusi vya kudai fidia, ilipita kwenye nchi zaidi ya 150 na kuzikwamisha hospitali za Uingereza, ikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya chochote. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa Machi mwaka uleule. Tumia bando la usiku au Wi-Fi ya chuo, lakini apdeti zipite.

“Nina bakapu, eksteno iko hapa imechomekwa”

Eksteno (diski ya nje) iliyochomekwa nayo hufungwa, sawa na diski ya ndani. Nakili, chomoa, kaiweke mbali na laptop. Yale machache usiyoweza kuyapoteza yaweke pia OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambako GB 5 ni bure na faili likiharibika unaweza kurudi kwenye toleo lake la nyuma.

“Nimewasha swichi, nimemaliza”

Swichi inazuia faili lisibadilishwe. Haizuii lisisomwe wala lisinakiliwe. Wahalifu wengi siku hizi huiba kwanza ndipo wafunge, halafu wanatishia kuanika walichoiba. Pasipoti za wageni waliosafiri msimu uliopita zinafanya nini bado kwenye laptop? Zifute. Mteja alikuamini, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

“Ikitokea, fundi atapiga windo” au “nitalipa yaishe”

Kupiga windo, yaani kuweka Windows upya, kunaondoa virusi, hakufungui faili hata moja, na diski ikifomatiwa unapoteza hata yale ambayo yangeweza kuokolewa. Kulipa nako hakuna anayekuhakikishia kwamba utapewa ufunguo. Zima Wi-Fi, chomoa flashi na eksteno, utunze ule ujumbe wa vitisho pamoja na faili moja lililofungwa. Kisha, kwa kutumia kompyuta nyingine, ingia tovuti ya No More Ransom, mradi ulioanzishwa Julai 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa mtandao. Unapakia vielelezo hivyo, unaambiwa ni virusi gani na kama kuna ufunguo wa bure. Kama leo haupo, usifute mafaili. Funguo za baadhi ya virusi zimepatikana baadaye sana, na waliotunza mafaili yao waliyafungua.